Kabichi za Saa Kumi

Kabla hujawa namba themanini na moja
ulikuwa mikono miwili chini ya lori,
saa kumi alfajiri, soko la Wakulima, Nakuru,
nami juu ya mzigo, magoti ndani ya umande wa Molo,
nikirusha.

Hesabu uliishika wewe.
Mia sita na hamsini lori zima,
na moja ikipasuka tunakatwa shilingi ishirini.
Wenzetu walidaka kwa kifua. Wewe kwa vidole:
kifua kina moyo, Lusweti ulisema,
na moyo hukirudisha kitu kilikotoka.

Asubuhi moja nilikuwa na hasira, sikumbuki ya nini,
labda ya kodi ya Kaptembwo, labda ya Nasambu dada yako
aliyekataa salamu zangu.
Nikairusha ndefu, juu ya kichwa chako, ivunjike.
Ukanipa kisogo.
Hatua nne, ukaruka gunia la vitunguu,
ukafungua viganja mbele yako kama mtu aombaye dua,
na kabichi ikashuka kutoka nyuma, ikakaa.
Muuza dhania akasema, "Huyu ana jicho kisogoni."
Wewe ukasema, "Mia mbili na kumi."

Shuleni walikuweka winga, na raga,
unajua mwenyewe, hutupa nyuma tu.
Kisha akaja Tirop na mpira wake uliochongoka,
helmeti saba kwa vijana ishirini,
mkivishana kwa zamu, jasho la mmoja likimwingia mwingine machoni.
Kazi yako, alikuambia, ni kukimbilia
mahali ambapo mpira haujafika.

Mama yako alipoelezwa aliacha kuchambua sukuma.
"Unaupa mpira kisogo, na bado unautarajia?
Basi hata mimi nimeucheza.
Miaka tisa nakimbia, na mshahara wa baba yako
haujanigusa bega."

Ukaenda. Chuo cha mji wa theluji.
Saa tisa usiku tulijibana kwa kinyozi Shiundu,
simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya spiriti,
mtangazaji akilivunja jina lako vipande vitatu.
Mwaka wa kwanza ulidaka saba.
Wa pili, arobaini na moja; niliziandika ukutani kwa chaki,
Shiundu hakufuta.
Wa tatu, mechi ya pili, uliruka
na mtu akafika gotini kabla mpira haujafika mkononi.
Picha ikaganda hapo. Bando lilikuwa limeisha.
Siku nne mguu wako ulikaa hewani,
hadi Jumatano ulipopiga:
"Ilisikika kama shilingi ishirini."

Ulitaka nicheke. Sikucheka.

Desemba umerudi na kovu refu kama zipu.
Timu tatu zilisema zitapiga simu.
Moja ilipiga, ikauliza uzito wako, ikanyamaza.
Mama yako anasema simu unailaza kifudifudi
kama mgonjwa asiyetaka kuonwa.

Hukuniambia unakuja. Nilikuona tu chini ya lori,
koti la chuo, mvuke mdomoni, viganja tayari.
Nikarusha polepole, kama anayempa mtoto yai.
Ukaiweka chini.
"Mwaura, usinihurumie. Nipe ile ndefu."

Nikachagua kubwa kuliko zote, kilo nne labda.
Ukanipa kisogo.
Hatua ya pili goti lilisita, nililiona,
kisha lori la viazi likawasha taa zote
na sikuona tena kitu.
Nikatega sikio.

Hapakuwa na shilingi ishirini.

Palikuwa na harufu ya vitunguu, mbwa wa bawabu akibweka,
na sauti yako, mbali kuliko nilivyorusha:
"Moja."